Jiko la Mama Garrett

Maneno haya niliyasema mbele ya matroni, mapatroni na walimu wa malezi wa shule za bweni. Wenzangu waliniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka.

Mgeni rasmi, wakuu wa shule mliopo, walimu wenzangu, na ninyi kina mama na kina baba mnaolala shuleni na watoto wa watu: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya wasichana bwenini. Nimeamua kupita kwenye njia ambayo huenda hamkuitarajia. Nitawaeleza kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho The Facts of Life, komedi ya familia iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia Agosti 1979 hadi Mei 1988. Misimu tisa, sehemu zaidi ya 200. Wengi wetu hatukukiona kilipokuwa hewani, kwani Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, miaka sita baada ya kipindi hicho kwisha. Ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulikuwa na redio. Mimi nimekitazama ukubwani, nikiwa nimeshakaa madarasani na mabwenini kwa miaka mingi, na nadhani ndiyo maana muda wote macho yangu yalimfuata mlezi kuliko wanafunzi.

Mlezi huyo anaitwa Edna Garrett. Kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa nyumbani katika komedi nyingine, Diff'rent Strokes, nyumbani kwa tajiri wa New York aliyewachukua watoto wawili weusi kuwalea. Mwigizaji wake, Charlotte Rae, alipendwa mno na watazamaji, basi wakampa kipindi chake mwenyewe. Wakamtoa kwa tajiri wakampeleka Eastland, shule ya bweni ya wasichana ambayo ni ya kubuni, lakini wakaiweka Peekskill, mji wa kweli kando ya Mto Hudson, katika jimbo la New York. Cheo chake cha kwanza pale shuleni kilikuwa mlezi wa bweni. Yaani kazi yenu.

Naomba mlifikirie jambo hilo kidogo. Televisheni kubwa ya taifa lile ilichukua mama wa miaka 53, asiye na mali, mwenye nywele zilizorundikwa kichwani na sauti inayopanda na kushuka kama ya kuku aliyeshtuliwa, ikamweka katikati ya hadithi, na kazi yake ni kuangalia watoto wasio wake. Sisi huku matroni tunamkumbuka siku kumetokea jambo baya. Siku hiyo ndipo kila mtu anauliza, matroni alikuwa wapi?

Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 13 tu, na ukiutazama tatizo unaliona mapema. Wasichana saba, mkuu wa shule, mwalimu, wote wanagombania dakika zilezile. Binti anaanza kusema lililomsibu, hajafika mbali, mwenzake ameshaingia na la kwake. Mama Garrett anageuka huku, anageuka kule, hamalizi na yeyote. Mnaolala kwenye mabweni yenye vitanda vya deka vilivyobanana hamhitaji nieleze zaidi. Watazamaji nao walikuwa wachache. Watayarishaji wakachukua uamuzi mgumu: wasichana wanne wakaondolewa, akiwemo Molly Ringwald, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa wa filamu za vijana. Wakabaki watatu, na wa nne akaletwa mpya.

Niwatambulishe hao wanne, kwa sababu nina hakika kila mmoja wenu anao bwenini kwake. Blair Warner, aliyeigizwa na Lisa Whelchel, ni binti wa kitajiri, mzuri na anajua ni mzuri, na wazazi wake wameachana. Natalie Green ni mcheshi, mnene, anapenda kuandika. Mwigizaji wake, Mindy Cohn, hakuwa mwigizaji kabisa. Charlotte Rae na watayarishaji walikwenda kutembelea shule ya wasichana ya Westlake, Los Angeles, ili wasikie wasichana wa kweli wanavyozungumza, na huko wakamkuta binti huyo na uchangamfu wake. Wakamwandikia nafasi. Nimependa sana kwamba watu wazima waliokuwa wakitunga maneno ya watoto waliona ni lazima kwanza waende wakawasikilize. Wa tatu ni Tootie Ramsey, mdogo wao, mbea wa bweni, habari zote anazo yeye. Kim Fields alikuwa na miaka kumi tu walipoanza, na kwa ufupi wake walimvalisha viatu vya magurudumu ili asipotee kwenye picha akisimama na wenzake. Wa nne, aliyeingia mwaka 1980, ni Jo Polniaczek, aliyeigizwa na Nancy McKeon. Anatoka Bronx, sehemu ya jiji la New York, kwa watu wa kipato cha chini, anasoma kwa ufadhili, na anafika shuleni juu ya pikipiki.

Sasa nifike ninapopataka.

Siku za kwanza kabisa za Jo pale Eastland, wasichana wanne wanapata vitambulisho bandia, wanachukua gari la shule bila ruhusa, wanakwenda baa. Wanakamatwa. Hebu jiulizeni shule yenu ingefanya nini. Barua ya mzazi, viboko kwa shule ambazo bado zinachapa, kusimamishwa majuma mawili, au kufukuzwa kabisa, na yule wa ufadhili ndiye angetangulia getini. Eastland inawapa adhabu ya kufanya kazi jikoni walipe hasara waliyosababisha, na wanahamishiwa chumba kimoja juu ya bwalo, chini ya macho ya Mama Garrett, ambaye kufikia hapo ndiye msimamizi wa lishe ya shule. Adhabu hiyo ndiyo iliyokiokoa kipindi. Kuanzia hapo kila hadithi inaanzia jikoni au inaishia jikoni. Wanamenya, wanaosha, wanapanga sahani, na huku wanamenya wanagombana, na huku wanaosha wanakiri.

Nimefikiria sana kuhusu adhabu zetu. Kufyeka majani nyuma ya vyoo. Kuchimba kisiki. Kupiga magoti juani. Kuchota maji wakati wenzako wako prepo, wanajisomea. Ukiziangalia vizuri, karibu zote zinamtoa mtoto mbele ya mtu mzima na kumpeleka mbali, mahali pa upweke, na zinafanya hivyo wiki ileile ambayo mtoto huyo amepiga kelele kwa vitendo kwamba kuna jambo. Binti ametoroka bweni usiku, tumemkamata, tumempa kisiki. Kisiki hakimuulizi ulikuwa unakwenda kwa nani, na kwa nini.

Shuleni nilikosoma tulikuwa na matroni aliyekuwa akichambua maharage Jumamosi mchana. Hakuwa na lazima ya kufanya hivyo, wapishi walikuwepo. Alikaa kwenye kigoda nje ya stoo, ungo mapajani, na aliyetaka alikaa naye na ungo wake. Mikono ikienda kwenye maharage, macho nayo yanabaki kwenye maharage: unatoa jiwe, unatoa lililotobolewa na wadudu, unapeta, unamimina kwenye sufuria. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Na kwa kuwa hakuna anayekutazama, maneno yanatoka. Pale ndipo mwenzetu mmoja alisema kwa mara ya kwanza kwamba hataki kurudi nyumbani likizo, kwa sababu ya mjomba. Alisema huku anachambua. Matroni naye hakuinua macho. Aliuliza, "Mjomba yupi, anayekaa nanyi au anayekuja?" Akasubiri. Binti akaeleza. Likizo ile hakurudi kwao, alikwenda kwa shangazi yake wa mkoa mwingine, na mkuu wa shule alihusishwa. Nilipomwona Mama Garrett anakanda unga huku Natalie ameegemea meza, nilimwona mama yule.

Jambo la pili ambalo kipindi hiki kilifanya vizuri ni kutoficha kwamba bwenini kuna tajiri na maskini. Blair na Jo wanalala chumba kimoja na wanarushiana maneno miaka yote. Blair ana nguo za kujaza kabati la watu wanne. Baba yake Jo amewahi kufungwa jela, na Jo angependa lisijulikane. Sisi tunaamini sare inamaliza yote. Sare inafunika mpaka jioni. Tranka likifunguliwa, kila mtu anaona nani ana blubendi, sukari na sabuni tatu, na nani ana kipande kimoja kilichokatwa. Siku ya wazazi kutembelea, nani ameletewa pilau na kuku, na nani amekaa chini ya mwembe anasema hana njaa. Jo anafanya hivyo hasa: anakuwa mkali kabla hajaulizwa. Mkiwa na binti mkali bila sababu siku za kutembelewa, tazameni kwanza kama ana mgeni.

Kuna sehemu moja naiheshimu kuliko nyingine. Desemba 1980 anakuja Geri, binamu yake Blair, aliyeigizwa na Geri Jewell, mchekeshaji ambaye mwenyewe ana mtindio wa ubongo. Alirudi mara kadhaa katika miaka iliyofuata, na akawa mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa wazi kuwa na nafasi ya kujirudia katika kipindi cha usiku cha televisheni ya Marekani. Wenzake Blair wanaona jinsi anavyokwepa, wanadhani anamwonea aibu binamu yake. Hata mtazamaji anadhani hivyo. Inakuja kujulikana kwamba Blair ana wivu: tangu utotoni macho ya watu yote yalikuwa kwa Geri, Geri amefanya hiki, Geri ameweza kile, na yeye hakuna aliyemtazama. Huo ni utunzi wa mtu anayejua watoto. Ukimkemea Blair kwa ubaguzi, umemkemea kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile linalomuuma linabaki palepale. Na Geri kwenye skrini hakufanywa wa kuhurumiwa. Anatania, anajibu mapigo, anachekesha ukumbi mzima. Sijui ni mabweni mangapi yetu yanamruhusu mtoto mwenye ulemavu awe mcheshi, maana mara nyingi tumeshampa nafasi ya kuombewa tu.

Kipindi kiligusa mengine mazito. Msichana aliyeonekana na wote kuwa hana upungufu anajiua, na wenzake wanabaki wakitafuta dalili walizozipita. Natalie anashambuliwa na mwanamume akirudi shuleni usiku kutoka kwenye sherehe, na baada ya hapo hataki kutoka nje. Wenzake wanapoteza subira, wanataka arudi kuwa yule mchekeshaji wao. Tootie anakwenda New York peke yake, anakutana na msichana wa rika lake mwenye maneno matamu, kumbe msichana huyo anawatafutia wanaume watoto wa kuuza. Hii ya mwisho ilirushwa mwaka 1982, lakini walimu wa shule zilizo karibu na stendi na barabara kuu wanaijua vizuri zaidi ya waliyoiandika. Mtu wa kwanza kumshika mkono binti yenu huenda akawa binti mwenzake.

Siwezi kusema kila kitu kilikuwa sawa. Ile tabia ya kumaliza jambo kabla ya nusu saa kwisha, na kukumbatiana mwishoni, inanichosha. Natalie aliyeshambuliwa hapati wiki ya pili ya hofu, wala ya sita, na sisi tunajua wiki ya sita ndiyo ngumu, kwa sababu huruma ya watu imekwisha na usingizi haujarudi. Halafu kuna moto. Blair na Jo walipomaliza Eastland mwaka 1983, Mama Garrett aliacha shule akafungua duka la vyakula, na mwaka 1985 watunzi wakaliteketeza duka hilo ili wapate mandhari mpya. Kwao ni njia ya kubadili jukwaa. Mimi nilishindwa kuendelea kutazama siku ile. Nchi yenye moto wa shule ya Shauritanga wa 1994, pale Rombo, ambako wasichana waliungua bwenini usiku, haiwezi kuuchukua moto kama kichekesho. Majirani zetu Kenya nao walizika mabinti wa shule ya sekondari ya Moi Girls, Nairobi, mwaka 2017. Nataka kila mmoja wenu, kabla hajalala akirudi shuleni kwake, ajue funguo za milango yote miwili ya bweni ziko wapi, na kama bweni lina mlango mmoja aseme kwa maandishi.

Na kuna Afrika. Mwaka 1986 Charlotte Rae aliamua kuondoka, basi Mama Garrett akaolewa na daktari, wakasafiri pamoja kwenda Afrika kufanya kazi na Peace Corps, shirika la Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje. Hapo ndipo alipoishia. Nafasi yake ikachukuliwa na dada yake, Beverly Ann, aliyeigizwa na Cloris Leachman, na kipindi hakikumfuata mama yule huko alikokwenda. Nilihuzunika, na nilikasirika kidogo pia. Peace Corps ilikuja Tanganyika mwaka 1961, nchi yetu na Ghana zilikuwa za mwanzo kabisa kuipokea, na wako wazee humu waliofundishwa sayansi na vijana wale. Ningetoa chochote kumwona Mama Garrett anafika kwenye shule moja ya bweni ya huku, anaingia jiko la kuni, anakutana na matroni wa Kiafrika ambaye amekuwa akifanya kazi hiyohiyo kwa miaka 20 bila kamera. Wangekuwa na mengi ya kuambiana wale wawili. Watunzi waliona Afrika ni mlango wa kutokea tu.

Nimalizie na mwaka wa mwisho, 1988. Watunzi waliandika sehemu ambayo msichana mmoja anafanya mapenzi kwa mara ya kwanza. Walitaka awe Blair. Lisa Whelchel, kwa imani yake ya Kikristo, alikataa, hadithi ikahamia kwa Natalie, na Whelchel akaomba asionekane kabisa katika sehemu hiyo. Hawakumfukuza kazi. Wengine wakaigiza, yeye akakaa pembeni, wiki iliyofuata akarudi. Namheshimu yeye, na nawaheshimu waliomwachia nafasi ya kukataa. Lakini ninachotaka mkione ni kwamba wasichana walikaa pamoja wakalizungumza jambo hilo, na hakuna aliyefunga mzigo kuondoka. Sisi hapa, mpaka Novemba 2021, binti aliyepata mimba alitolewa shuleni na mlango ukafungwa. Sasa anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Waraka upo. Ila binti anayerudi anarudi bwenini kwa nani? Nani anakaa naye wakati maziwa yanavuja sare na wenzake wanacheka? Waraka haukuweza kuandika hilo. Hilo ni lenu.

Hata serikali imeanza kuuliza kama bweni linafaa kwa kila mtoto. Mwaka 2023 ilizuia bweni kwa wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Niliunga mkono, na naunga mkono bado. Mtoto wa miaka saba anahitaji mtu wa kumkata kucha. Lakini wa miaka 14 naye anahitaji mtu, na yeye tumekubaliana kumpeleka. Katika shule nyingi za serikali matroni ni mwalimu mwenye vipindi vyake, madaftari ya kusahihisha na watoto wake mwenyewe nyumbani, kisha anaongezewa mamia ya wasichana wa bweni. Msimu wa kwanza wa kipindi kile ulishindwa na wasichana saba. Mgeni rasmi, nalisema hili mbele yako kwa heshima: tunahitaji matroni ambao umatroni ndiyo kazi yao, wenye mshahara wa kazi hiyo na mafunzo ya kazi hiyo.

Charlotte Rae alifariki Agosti 2018, akiwa na miaka 92. Katika sehemu ya mwisho ya kipindi, Blair, yule yule aliyedharau jikoni, anainunua Eastland isifungwe, anakuwa mkuu wa shule, na anaanza kupokea wavulana pia. Waliitengeneza sehemu hiyo wakitumaini izae kipindi kipya, lakini hakikuzaliwa.

Projekta iko tayari. Tutatazama sehemu mbili: ile ya Jo kufika shuleni hadi adhabu ya jikoni, na ile ya Geri. Vijana wangu wawili watakuwa wakiwatafsiria. Baada ya chai mtakaa kwa makundi, kila shule peke yake, na kila shule itaniandikia kwenye karatasi mtu mzima gani anafanya kazi ya mikono pamoja na wasichana, siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mkiona hayupo, andikeni hayupo. Karatasi nitazichukua saa nane.